Gesi ya Hajati Ramula

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Hajati Ramula alikwenda langoni kuhakikisha kwamba mlinzi wake amelala. Hakuwahi kukuta vinginevyo. Romano, bwana magereza mstaafu kutoka Acholi, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kofia imemfunika mpaka puani, rungu limelala mapajani kama mtoto mchanga, na koromo lake likisikika hadi kwenye ukuta wa chuo cha kijeshi.

"Romano!"

"Mama, mimi iko macho."

"Uko macho na mate yanakutoka?"

"Macho ndiyo inalala, Mama Hajati. Masikio iko kazini."

Mwanamke mwingine angekwisha mfukuza. Lakini Romano aliajiriwa na marehemu Kapteni Muhamad, na kitu alichokiweka marehemu hakikuondolewa katika nyumba ile, iwe ni saa ya ukutani iliyosimama zamani au mlinzi aliyesimama kwa nadra. Nyumba ya Kapteni hapo Kimaka, mjini Jinja, ilikuwa na jina. Hajati alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, akasomesha nusu ya maofisa wa Jinja na kuwapigisha magoti nusu nyingine, na tangu azikwe mumewe alilishika jina lile kama mtu anayevuka mtaa wenye tope akiwa amebeba kitambaa cheupe.

Mwaka huo kitambaa kilikuwa kinaelekea Mbale. Amir, mjukuu aliyemlea kwa mikono yake, alikuwa anaoa. Bibi harusi, Ramlah, alikuwa mjukuu wa Zulaika wa Wanale, na Zulaika alikuwa Mnubi kama Hajati, aliyeolewa na Mgisu na kukaa Mbale chini ya mlima huo wa Wanale tangu ujana. Kwa hiyo ilijulikana mapema kwamba kutakuwa na doluka, ngoma ya wanawake, na kwamba itachezwa kwa kanuni za koo zao.

Kanuni ilikuwa hii. Kabla bibi harusi hajatolewa ndani, bibi wa mwanamume na bibi wa mwanamke huingia uwanjani wakatazamana. Ngoma ikianza, wanacheza. Hakuna saa, hakuna mwamuzi. Anayeketi kwanza ndiye aliyeshindwa, na jina lake linatiwa katika wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa umeshameza majina ya wanawake wengi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Bombo aliyeketi kabla Hajati hajazaliwa, na mpaka leo watoto wasiojua hata kaburi lake liko wapi wanamwimba kwenye kila harusi, wakimwuliza kama kiti kilikuwa laini.

Hajati alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Hajawahi kuketi.

Na sasa alikuwa na gesi.

Ndivyo alivyoiita. Ilimjia alipopanda ngazi za benki, ikamkaa katikati ya kifua kama mtu aliyemkalia, ikapotea alipotulia. Ikamjia tena alipobeba ndoo ya maji ya kumwagilia maua. Mtu mwingine angeogopa, lakini Hajati alifurahi, tena alifurahi kwa sababu za kisomi. Zamani, akiwa na miaka arobaini na tatu, alichomwa kifuani mara mbili tatu kwa muda mfupi, kisha akashikwa kwelikweli na kulazwa Kampala. Daktari wa wakati ule alimwambia kwamba vile vichomo vidogo ndivyo vilivyomwokoa: moyo ulipata habari mapema, ukajiandaa, na pigo kubwa lilipokuja likaukuta umejikaza. Hajati aliyaweka maneno yale kama cheti. Basi kila gesi ilipombana, alishika ukuta, akajisemea, "Vizuri. Unafanya mazoezi."

Alikwenda kliniki mjini si kwa kuogopa, bali kwa kutaka kuthibitishiwa. Daktari alikuwa Gorreti, mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mzima mwenye watoto, ambaye alipomwona Hajati mlangoni alisimama wima na kuficha chapati mezani.

Alimpima damu, akambandika nyaya kifuani, akaitazama ile mistari ya mashine muda mrefu.

"Mwalimu, hii si gesi."

"Najua. Ni moyo unajizoeza." Na Hajati akamweleza habari za Kampala, kwa mpangilio, kama somo la darasa la sita.

Gorreti alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa na mazoea ya kumkatiza. "Yule daktari alisema kweli, Mwalimu," akasema. "Mshipa unaolisha moyo ukibanwa kidogo kisha ukaachia, moyo unashtuka. Unabadilisha mambo ndani yake, unajifunga mkanda. Likija bano kubwa, unavumilia njaa ya damu bila nyama nyingi kufa."

"Basi nipe cheti changu niende."

"Lakini alikuwa anasema na moyo wa miaka arobaini na tatu. Ukizeeka, moyo unabanwa vilevile, unauma vilevile, ila ule mshtuko wa kujiandaa unafifia. Kwa wengine hauji kabisa. Habari inafika mlangoni, hakuna anayefungua."

Hajati alitazama nje. Dirishani boda boda zilikuwa zinagombania abiria.

"Yaani mbwa anabweka," akasema polepole, "na mlinzi anageuka upande wa pili."

"Hasa."

"Gorreti. Unataka kuniambia kwamba moyo wangu ni Romano?"

Gorreti hakumjua Romano, lakini aliona uso wa mwalimu wake, akajua kwamba huyo ni mtu mbaya. Akaharakisha kueleza kwamba si kifo. Kulikuwa na vidonge. Tena, akasema, waliochunguza mambo haya wameona kwamba wazee wanaotembea sana, na wasiojaza tumbo, moyo wao haukupoteza ile akili ya zamani kama wenzao. Hakuahidi kitu, lakini kama angekuwa ni mama yake mzazi, angemwamuru atembee kila siku na apunguze sahani nusu.

"Na nikashikwa nikiwa njiani?"

"Keti. Likikushika lisikuachie, tafuna aspirini moja na uje hospitali mbio. Tembea nayo."

"Na doluka?"

Gorreti alizaliwa Jinja, aliijua doluka. "Njoo nikupime tena kabla ya harusi. Kama hali ni nzuri, utacheza kidogo. Ukisikia chochote, keti."

"Mwanangu," akasema Hajati akichukua mkoba wake, "neno hilo la mwisho usilirudie mbele za watu."

Alirudi nyumbani, akamkuta Romano amelala. Alimtazama kwa muda, kisha kwa mara ya kwanza hakumwamsha. Alimwonea huruma, au alijionea mwenyewe.

Kesho yake alianza kutembea. Alivaa viatu vya raba vya Amir ndani ya gauni refu, akachukua mwavuli, akatoka langoni kwa miguu. Hakufika mbali. Mwenye boda boda wa kwanza alisimama akamwambia apande bure. Wa pili alimsuta wa kwanza kwa kumwacha Hajati atembee. Kisha lori la jeshi likapunguza mwendo kando yake, na sajenti mmoja aliyemfahamu, Tonny, akachungulia dirishani.

"Afande Mama! Gari imekufa?"

"Gari ni nzima, Tonny."

"Basi ni dereva amekufa?"

"Natembea tu, mwanangu."

Tonny aligeuka akawatazama wenzake. Mjane wa Kapteni, anatembea tu. Wote wakavua kofia.

Kabla ya adhuhuri jirani yake, mwanamke aitwaye Oliver, alibisha hodi na sukari kilo mbili, uso umejaa majonzi. Alikaa, akahema, akasema kwamba maisha yamekuwa magumu kwa kila mtu, na kwamba kuuza gari si aibu.

"Nani ameuza gari?"

"Hajati, mimi ni dada yako. Kwangu usifiche."

"Gari ile pale, Oliver! Unaiona dirishani!"

"Ndiyo," akasema Oliver kwa upole, "kabla hawajaja kuichukua."

Hajati alipima mambo. Akisema anatembea kwa sababu ya moyo, kabla ya jua kuzama Mbale yote itajua kwamba ukoo wa Amir una maradhi ya moyo, na Zulaika atauliza kwa sauti, mbele ya wajomba, kama kijana amepimwa. Akiacha kutembea, atakwenda harusini na moyo uliolala. Akaamua kutembea mahali ambapo hafahamiki. Kila asubuhi Romano aliamshwa, akatiwa garini kuwa mlinzi wa safari, na Hajati akaendesha hadi Wanyange, kando ya ziwa, akaegesha chini ya kilima na kuanza kupanda.

Romano alipewa kazi ya kumfuata nyuma. Siku ya kwanza aliketi kwenye jiwe nusu ya njia.

"Simama, Romano. Nchi haitalindwa na mtu aliyekaa."

"Mama, mimi niliajiriwa kulinda geti. Huku hakuna geti."

"Hata mimi sikuajiriwa kupanda mlima. Twende."

"Nani anafukuza sisi?"

Hajati alikuwa anahema mno hata asiweze kujibu. Alisimama mara kwa mara, akajifanya anatazama maua ya watu. Alikuwa na ujuzi huo: gesi ilipomgusa, alipenda sana maua. Wenye nyumba za Wanyange walianza kumkaribisha kumpa vipandikizi.

Lakini mwanamke wa heshima hawezi kwenda Wanyange kila siku bila shughuli, na shughuli ya Wanyange ni samaki. Basi alirudi na samaki. Alinunua ngege, akanunua sangara, akanunua mukene, wote kwa mchuuzi mmoja aitwaye Jamiru, mwanamume mgane mwenye meno mazuri, ambaye baada ya siku chache alianza kumwekea samaki aliyenona kuliko wote na kupiga pasi shati. Nyumbani Amir alikula samaki asubuhi na jioni mpaka akauliza kama kuna nadhiri iliyowekwa. Paka wa jirani walihamia. Na Oliver, ambaye hakuona gari likichukuliwa, alibadili habari bila kuona haya: Hajati hajafilisika, Hajati ana mchumba.

"Na wewe ulimjibu nini?" Hajati alimuuliza Romano, aliyemletea uvumi ule langoni.

"Mimi nilisema hapana. Nilisema Mama anakwenda kule kwa sababu ya mlima tu."

"Akasema?"

"Alicheka sana."

Kati ya kuitwa mgonjwa na kuitwa mchumba wa muuza samaki, Hajati alikaa usiku mzima na jina la Kapteni mikononi, akaligeuza huku na huku. Mwisho akaona kwamba uvumi wa mchumba, pamoja na upuuzi wake, unamhesabu mtu kuwa mzima. Akaacha ukae. Ila Jamiru alipomtolea shairi pamoja na sangara, alimwambia kwa sauti ya mwalimu mkuu amwandikie risiti ya sangara peke yake.

Wiki zilipita. Alianza kufika kwenye jiwe la Romano bila kupenda maua. Kisha akalipita. Chakula alikipunguza nusu, kitu ambacho nyumbani kilikuwa rahisi, kwa kuwa kilikuwa samaki. Kazi ilikuwa ukweni.

Walikwenda Mbale kwa mazungumzo ya mwisho, kupitia barabara ya Tirinyi, na Zulaika akawapokea mwenyewe chini kwenye barabara. Alikuwa mwanamke mnene, mrembo bado, wa umri mmoja na Hajati, na kicheko chake kilimtangulia. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo, mtelemkoni mwa Wanale, na kutoka barabarani kulikuwa na ngazi za mawe. Zulaika aliwaongoza. Baada ya ngazi chache alisimama, akawageuza wageni wote watazame mlima na maji yanayoporomoka kutoka juu. Wakatazama. Baada ya ngazi nyingine chache akawaonyesha mlima tena. Karibu na mlango akawaonyesha mara ya tatu, mkono mmoja umeshika nguzo.

"Mkwe, unaupenda mlima wako," alisema Hajati.

"Huuchoki," alisema Zulaika, akipumua. Kipaji cha uso kilikuwa na jasho. "Hali ya hewa tu. Na gesi kidogo. Malewa ya jana."

Hajati alimtazama, kisha akautazama mlima. Kitu kilimgusa akilini, lakini chakula kililetwa.

Kililetwa kwenye sinia ambalo wanawake wawili walilibeba. Malewa, yale machipukizi ya mianzi, yamepikwa kwa karanga mpaka yanang'aa, wali, nyama, gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, zimepangwa kama vitabu. Hajati alijipakulia vijiko vitatu.

Vichwa vyote viligeukia sahani yake.

"Mkwe," akasema Zulaika, "huko Jinja siku hizi mnakula kwa kutazama?"

"Kimetosha, dada. Ni kitamu sana."

"Kitamu halafu kidogo. Wanawake wa kwangu walikesha jikoni. Au tumeambiwa mtu akizoea samaki wa Wanyange, hakuna kingine kinachopita?"

Wajomba walikohoa. Habari za Jamiru zilikuwa zimetangulia kwa njia ya Tirinyi, tena kwa gari la haraka kuliko lao. Hajati alijipangusa midomo kwa utulivu mkubwa.

"Najiweka mwepesi, mkwe," akasema. "Kwa ajili ya doluka. Nisije nikakuketisha mapema ukakosa kufaidi."

Wanawake walipiga kelele za furaha. Zulaika alicheka mpaka machozi, akajipiga paja. "Wewe mama! Kwetu kiti hakijatoka nje tangu nizaliwe!"

"Basi kitafuteni, msije mkahangaika siku yenyewe."

Kabla ya harusi Gorreti alimpima tena, akatikisa kichwa kwa mshangao. Alimpandisha na kumshusha ngazi za kliniki, naye Hajati akazungumza njia nzima, akimkosoa mpaka rangi ya mapazia. Mapigo yalikuwa mazuri. "Nenda ukacheze, Mwalimu," alisema Gorreti. "Na lile neno silirudii." Lakini alihakikisha kwamba aspirini ipo. Hajati aliifunga kwenye pindo la gurbaba, kile kitambaa chekundu cha kujifunga alichotolewa nacho nyumbani kwao akiwa bibi harusi, akakaza fundo, na ndani yake akaficha aibu yote.

Siku ya harusi uwanja wa Zulaika ulijaa hadi barabarani. Romano aliletwa kulinda gari na zawadi, akawekewa kiti chini ya turubai, akalala. Wapiga ngoma, wote wanawake, walichuchumaa mbele ya madebe na ngoma zao, mikono imelowa. Hajati aliingia kutoka upande wa Jinja. Zulaika aliingia kutoka upande wa nyumba. Wakasalimiana kwa kuinamiana, kwa adabu kubwa, kama watu wanaokwenda kupigana.

Ngoma ikaanza.

Doluka haichezwi kwa kuruka. Ni mabega, ni shingo, ni kiuno kinachokwenda taratibu huku uso umetulia kama maji ya mtungini, na ule utaratibu ndio unaoua watu. Hajati alicheza kwanza kwa hofu, akijisikiliza kifua. Hakusikia kitu. Alicheza tena, mapigo yalipozidi kasi, akangoja yule mtu amkalie. Hakuja. Kilima cha Wanyange kilikuwa kimo ndani yake, kila hatua yake, na alipojua hivyo alitabasamu, na upande wa Jinja ukapiga vigelegele.

"Zulaika, kiti!" waliimba wanawake wa Jinja.

"Ramula, kiti!" waliitikia wa Mbale.

Ndipo Hajati akamtazama mwenzake usoni. Zulaika alikuwa anacheka, lakini kicheko kilikuwa kimebaki mdomoni peke yake. Rangi ya midomo ilikuwa kama majivu. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni, na mkono wake wa kushoto haukuwa ukicheza; alikuwa ameubana ubavuni kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Akajigeuza kidogo, uso juu, macho kwenye ule mlima.

Anauonyesha mlima, alifikiri Hajati. Mungu wangu. Anapenda maua.

"Mkwe," alimwambia chini kwa chini, wakiwa wamekaribiana, "pumzika."

"Pumzika wewe," Zulaika akajibu kwa meno.

"Unaumwa."

"Gesi."

"Hiyo si gesi, dada, naijua."

"Nenda... kazoee samaki wako."

Hajati alizunguka duara zima, akifikiri. Alimjua mwanamke yule kama anavyojijua. Angeweza kusimamisha ngoma na kupiga kelele kwamba Zulaika anaumwa. Zulaika angekana, angeongeza kasi ili kuwaonyesha, na watu wangeamini kwamba Hajati anatafuta pa kutokea. Zulaika hataketi. Atacheza mpaka aanguke, na akianguka huenda asiamke. Duniani kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kingemfanya akae chini, na kitu hicho kilikuwa mikononi mwa Hajati.

Alimfikiria Kapteni. Alifikiria bibi wa Bombo na kiti chake laini. Magoti yake yalikuwa mazima, kifua kilikuwa kimya, angeweza kucheza mpaka magharibi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na ushindi ulioiva namna hii.

Hajati Ramula, mjane wa Kapteni Muhamad wa Kimaka, aliketi. Aliketi chini, kwenye vumbi, katikati ya uwanja, na gurbaba yake nyekundu.

Kelele zilizopigwa zilimwamsha Romano. Upande wa Jinja ulishika vichwa. Upande wa Mbale ulirusha leso hewani, na Zulaika akainua mkono wake mmoja mzima, akapiga kigelegele kirefu cha ushindi. Na kilipokatika, alikunja magoti naye akaja chini kama gunia, mbele ya miguu ya Hajati.

Ngoma ilinyamaza. Mtu alisema amechoka, mtu alisema maji, mtu alisema gesi. Hajati alikuwa tayari ameshalifikia fundo, analivuta kwa meno.

"Hakuna gesi!" alisema kwa ile sauti ya gwaride la asubuhi, na uwanja mzima, pamoja na wajomba, ukasimama wima. "Huu ni moyo. Naujua kwa sababu ninao. Hata mimi niliuita gesi, nikawadanganya nyote. Samaki walikuwa uongo! Zulaika, fungua mdomo. Tafuna. Usimeze, tafuna. Amir, lete gari!"

Gari lililokuwa karibu na lango lilikuwa la bibi harusi, limefungwa utepe na maua mpaka kwenye vioo. Wakamwingiza Zulaika, Hajati akaingia nyuma na kumlaza kichwa mapajani, bwana harusi mwenyewe akashika usukani, na njia nzima ya kwenda hospitali watu wa Mbale walisimama wakiwapigia makofi na kuchungulia waone bibi harusi.

"Mkwe," alisema Zulaika, amefumba macho.

"Usiseme. Pumua."

"Uliketi."

"Niliketi."

"Wa kwanza."

Hajati aliutazama uso ule wa majivu. Midomoni palikuwa panarudi rangi kidogo, au ni yeye alitaka iwe hivyo. Angeweza kumweleza. Lilikuwa jambo la maneno machache tu.

"Wa kwanza, dada," akasema. "Umenishinda."

Zulaika akatabasamu, na dereva akapiga honi, na watu wa barabarani wakashangilia tena.

Madaktari walisema mshipa ulikuwa umeanza kuziba na kwamba waliomleta hawakuchelewa. Alilazwa, akapona polepole, akaambiwa yaleyale: vidonge, nusu sahani, miguu. Harusi iliendelea jioni ile bila bibi wawili, ila Hajati aliporudi uwanjani kuchukua mkoba wake, wanawake walimfuata jikoni mmoja mmoja, wengine wa Jinja, wengine wa Mbale, kila mmoja akifunga mlango nyuma yake na kuanza kwa kusema kwamba si yeye, ni rafiki yake, ana gesi.

Zulaika alipotoka hospitali alimpigia simu. "Wameniambia nitembee. Mkwe, nitatembeaje? Watu watasema mume wangu ameniachisha gari."

"Nenda kanunue samaki."

"Mbale kuna samaki gani?"

"Basi waonyeshe mlima. Umezoea."

Hajati hakuficha tena. Alitembea Kimaka mchana kweupe kwa raba zake, na lori la jeshi likipita, Tonny alipiga saluti bila kuuliza. Oliver, akiwa amekosa la kusema, alianza kumfuata, na sasa alikuwa anahema kwenye kona ya pili huku akisifia maua. Jina la Kapteni halikuvunjika. Lakini wimbo ni wimbo. Kwenye harusi iliyofuata, mjini Jinja, watoto waliuliza kwa sauti kubwa kama vumbi la Wanale lilikuwa laini kwa Ramula, na Ramula alikaa safu ya mbele, mgongo umenyooka, akapiga makofi kwa kufuata mapigo, na hakuna aliyejua alivyokuwa anauma meno.

Asubuhi yake alikwenda langoni. Kofia puani, rungu mapajani. Ila koromo halikuwepo: Romano alikuwa anauimba ule ubeti, taratibu, kwa puani.

"Romano! Hata wewe?"

"Samahani, Mama. Ni tamu." Alisukuma kofia juu kidogo. "Lakini hiyo wimbo iko na uongo. Wewe hukuchoka. Wewe ulikuwa unakwenda vizuri kabisa, kisha ulitazama yule mama, kisha ulikaa kwa mpango."

Hajati aligeuka kutazama kama Oliver yuko karibu. "Umejuaje? Ulikuwa umelala chini ya turubai, watu wote walikuona."

"Macho ndiyo ilikuwa inalala," alisema Romano, akisimama mwenyewe, bila kuambiwa, kufungua lango. "Twende, Mama. Leo nakwenda mbele."